Stima ya Kenia, nyundo ya Charpy na pipa la binamu yangu

Leo programu tunaziweka kando kidogo.

Niko likizo Kulesa, ukingoni mwa Tana. Binamu yangu, fundi wa kuchomelea pale Garsen, kanunua pipa la chuma kwenye vyuma chakavu, anataka kulifanya tangi la kompresa ya kujazia matairi upepo. "Nene hilo kaka, haliwezi kupasuka!" Nikakumbuka historia ya mto wenyewe.

Mwaka 1891 Kamanda Dundas aliupanda Tana kwa stima iitwayo Kenia. Yaani boila, chombo cha presha, ilipita hapa zaidi ya miaka 130 iliyopita. Wakati ule wahandisi walipima chuma hasa kwa kukivuta polepole mpaka kikatike. Hapo unapata nguvu. Ukakamavu ni jambo jingine: chuma chenye ufa kikigongwa ghafla, kitafanyaje?

Mwaka 1901 Mfaransa Georges Charpy alieleza kipimo chake. Siku hizi huchukuliwa kipande cha milimita 10 kwa 10 kwa 55, kikatiwa mfuo katikati. Nyundo inayobembea huachiwa kutoka juu, hukivunja, kisha hupanda upande wa pili. Ikipanda kidogo tu, chuma kimekula nishati nyingi, ni kikakamavu. Ikipanda karibu na ilikotoka, chuma kimevunjika kama kigae.

Januari 1943 meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikatika katikati bandarini Portland, Marekani, usiku wa baridi, maji yametulia. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kuwa chuma kilekile, kikakamavu kwenye joto, huvunjika kirahisi kikipoa.

Ndiyo maana kanuni za leo huangalia aina ya chuma, unene na baridi ya chini kabisa kitakayokutana nayo. Na bamba nene ndilo huhitaji uangalifu zaidi! Msiseme Tana ni joto tu: propani ya maji huchemka kwenye nyuzi -42, tangi lake likivuja ghafla chuma hupoa vibaya hata Garsen.

Sisi waandika programu twajua: jaribu pale pabaya kabisa, si pale panapokufurahisha.

Pipa lile halijulikani chuma chake wala lilikotoka, na lina kutu ndani. Binamu kalikubali liwe la maji. Tangi la upepo atanunua lenye kibati cha kiwandani kinachoonyesha presha yake.

Na wewe, la kwako lina kibati? Kaangalie, kisha uniandikie.