Haki ya Aliyetendewa Kosa na Historia ya Sheria Yetu ya Jinai

Katika mafunzo ya Chama huulizwa mara nyingi: sheria ya jinai inamtumikia nani? Jibu la haraka ni kwamba inautumikia umma. Lakini mjane ambaye mumewe ameuawa shambani naye ni umma, na historia inaonyesha jinsi mtu wa namna hiyo alivyosukumwa nje ya kesi yake mwenyewe.

Kabla ya ukoloni, miongoni mwa Wakaguru wa Kilosa, kuua kulikuwa deni kati ya koo, na ukoo wa muuaji ulidaiwa fidia ya damu. Tusiupambe utaratibu huo. Fidia ilishikwa na wazee, na ukoo mnyonge haukuwa na nguvu ya kudai. Hata hivyo aliyeumizwa alihesabiwa kuwa mdai. Waingereza waliacha mabaraza ya wenyeji yaendelee na mashauri madogo, ambamo faini na fidia ziliweza kuamriwa pamoja. Kesi za kuua zilikwenda Mahakama Kuu. Huko mdai alikuwa Mfalme wa Uingereza. Muuaji alinyongwa, na ndugu wa marehemu wakatoa ushahidi kisha wakarudi kijijini mikono mitupu.

Baadaye Jamhuri ilichukua nafasi ya Mfalme, lakini kiti cha aliyetendewa kosa kilibaki kile kile cha shahidi. Jambo hili linapingana na itikadi yetu. Imani ya TANU, iliyowekwa mwanzoni mwa Azimio la Arusha mwaka 1967, ilitamka kwamba kila raia ana haki ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake na ya mali aliyonayo kisheria. Mdaiwa wa hifadhi hiyo ni jamii nzima, siyo mhalifu peke yake.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliruhusu mahakama kumwamuru mkosaji alipe fidia. Iliruhusu tu, haikulazimisha. Na lazima kwanza apatikane mtu, ashitakiwe, atiwe hatiani, tena awe na kitu cha kulipa. Mwaka huo huo, tarehe 29 Novemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio kwamba mkosaji asipoweza kulipa, dola zijitahidi kufidia waliodhurika vibaya. Kwetu, mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliingiza ibara ya 107A, inayoitaka mahakama itoe fidia kwa walioathirika na makosa ya wengine. Lakini ibara hiyo hiyo ikaongeza kwamba itakuwa kwa mujibu wa sheria mahususi iliyotungwa na Bunge. Haki ikatolewa kwa mkono mmoja na kuwekwa kabatini kwa mwingine.

Wino wa mabadiliko hayo ulikuwa haujakauka. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, kwenye njia itokayo Dumila kwenda Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Katika mauaji ya watu wengi, ni nani atamtaja aliyemuua mume wake? Pasipo hukumu, kifungu cha fidia hakiguswi. Wala hasara si ya upande mmoja: operesheni ya kuondoa mifugo Kilosa mwaka 2009 iliwaachia wafugaji wengi machungu yao. Januari 2013 wakulima walifunga barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale Dumila. Kufunga barabara ni kosa, na msafiri mgonjwa ndiye aliyeumia; lakini kada anapaswa kuona kwamba mtu asiye na dirisha la kudai hudai barabarani.

Wapo watakaosema hazina haina fedha. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waathirika, kwa hiyo mlango umekwisha kufunguliwa kwa kundi moja. Faini zinazotozwa mahakamani na mali zinazotaifishwa kutoka kwa wahalifu zinaweza kuanzisha mfuko wa wote. Sheria hiyo iseme «italipa», siyo «inaweza kulipa». Dai lipokelewe hata kama mkosaji hajulikani. Na fomu ijazwe kwa mtendaji wa kijiji, maana nauli ya kufuata jalada Morogoro mjini humshinda mjane wa Rudewa kabla hajaonana na karani.