Enzi ya Sultani Majid na kuzaliwa kwa Dar es Salaam

SULTANI Majid bin Said alitawala Zanzibar na mwambao wake kuanzia mwaka 1856 hadi 1870. Ni katika enzi hiyo ya miaka 14 ndipo ulipoanzishwa mji wa Dar es Salaam, na ni mwisho wa enzi hiyo nusura uufutilie mbali.

Majid alirithi kiti baada ya baba yake, Seyyid Said bin Sultan, kufariki dunia mwaka 1856. Ndugu yake, Thuwaini, aliyeshika Muscat, alidai kuwa Zanzibar nayo ni yake. Mgogoro huo uliamuliwa mwaka 1861 na Lord Canning, aliyekuwa mwakilishi wa Malkia wa Uingereza nchini India. Zanzibar ikatengana na Oman, kwa sharti kwamba Majid ailipe Muscat riale 40,000 kila mwaka.

Baada ya kutambuliwa kuwa mtawala kamili, Majid aligeuza macho kuelekea bara. Alivutiwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima wa Kishomvi na Kizaramo. Karibu nacho palikuwa na ghuba yenye kina kirefu na mlango mwembamba, iliyokingwa dhidi ya mawimbi ya bahari kuu. Bagamoyo, ingawa ilikuwa kituo kikuu cha misafara, haikuwa na bandari ya namna hiyo.

Katikati ya miaka ya 1860 ujenzi ulianza. Kasri na majengo ya mawe ya matumbawe yalisimama mbele ya ghuba, na minazi ikapandwa pembezoni. Waarabu na wafanyabiashara wa Kihindi walikaribishwa kuweka makazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ngumu ilifanywa na watumwa, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kuhusu jina, wapo wanaolifasiri kuwa nyumba ya amani, na wapo wanaosema asili yake ni Bandari ya Salama.

Majid alifariki dunia Oktoba 1870, kabla kazi haijakamilika. Mdogo wake, Barghash, aliyemrithi, hakuwa na shauku na mji huo. Ujenzi ukasimama, wakazi wengi wakaondoka, na majengo yakaanza kubomoka.

Kilichobaki bila kuharibika ni bandari. Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifungua kituo hapo, na mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo. Hivyo mji uliokusudiwa kuimarisha himaya ya Sultani ukageuka ngome ya wale walioimega himaya hiyo.

Leo alama za enzi hiyo ni chache. Anayetoka Kivukoni akifuata Barabara ya Sokoine atakuta Boma la Kale kwenye makutano na Barabara ya Morogoro, jengo la miaka ya 1860 lililojengwa kwa ajili ya wageni wa Sultani. Baada ya ukarabati, lilifanywa kituo cha urithi wa usanifu majengo.

Katika jiji ambalo maghorofa mapya huota kila uchao, kuta hizo nene ndizo ushahidi wa mawe kwamba Dar es Salaam ilikuwapo kabla ya Mjerumani. Zikibomolewa, utabaki ushahidi wa vitabuni tu.