Marjorie Oludhe Macgoye na Wanawake wa Eastlands

Jina la mwandishi Marjorie Oludhe Macgoye likitajwa mbele ya wasomaji wa Nairobi, hoja mbili hazikosi kuzuka. Ya kwanza ni kwamba Mzungu hastahili kuitwa mama wa fasihi ya Kenya. Ya pili, inayopendwa sana madarasani, ni kwamba Paulina, mhusika mkuu wa riwaya yake ya Coming to Birth, ni Kenya yenyewe: mimba zake zinazoharibika ni nchi iliyochelewa kuzaliwa, na ile ya mwisho ni taifa lililokomaa. Nimezisikia zote mbili hata katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, kwa watu walioisoma riwaya hiyo shuleni. Ya kwanza naiheshimu. Ya pili inatunyima kitabu chenyewe.

Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akasoma London, akaja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya shirika la kimisheni la CMS. Huo ndio mwaka wa Operesheni Anvil, wanajeshi wa serikali ya kikoloni walipouzingira mji wa Nairobi na kuwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Mwaka 1960 aliolewa na Daniel Oludhe Macgoye, akawa mke na mama katika ukoo wa Kijaluo, na baada ya uhuru akachukua uraia wa Kenya. Miaka ya 1970 alisimamia duka la vitabu la chuo kikuu Dar es Salaam, kisha duka la S. J. Moore hapa Nairobi. Riwaya yake ya Murder in Majengo ilitoka mwaka 1972, na mkusanyo wa mashairi wa Song of Nyarloka mwaka 1977.

Anayeuliza kwa nini yeye ndiye apewe heshima ya umama ana haki ya kujibiwa. Mwandishi Mkenya Grace Ogot alikuwa amechapisha riwaya ya The Promised Land tangu 1966, miaka 20 kabla ya Coming to Birth. Tena Tuzo ya Sinclair, ambayo riwaya ya Macgoye ilishinda mwaka 1986, ilitoka Uingereza. Kwa maoni yangu cheo hicho ni cha Ogot, na Macgoye hapungukiwi na kitu akikikosa. Alichokifanya yeye ni kingine: aliandika historia ya mwanamke maskini wa mjini, anayeishi katika chumba cha kupanga au jikoni mwa mwajiri.

Tumtazame basi huyo Paulina. Mwaka ni 1956, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Msichana wa miaka 16 anashuka kwenye garimoshi Nairobi, mjamzito, kumfuata mumewe Martin Were, ambaye ana chumba katika mtaa wa Pumwani. Haupiti muda mimba inaharibika, anapelekwa hospitali. Anaporuhusiwa, anapotea njia akirudi, usiku unamkuta huko huko nje, na akifika nyumbani anakula kipigo. Hapo nchi iko wapi? Huyu ni mtoto wa watu ambaye mji haumjui na mume hamsikilizi. Msomaji akikimbilia kusema kwamba Paulina ni taifa, kipigo nacho kinageuka kuwa ishara tu, na maumivu yanakosa mwenyewe.

Nchi imo, lakini inaingia kama inavyoingia katika maisha ya watu wa kawaida: ghafla, tena kwa risasi. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Akarushiana maneno hadharani na Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, ghasia zikazuka, walinzi na polisi wakafyatulia umati risasi. Siku chache baadaye chama hicho kikapigwa marufuku. Katika riwaya, siku hiyo ndiyo inayomwua Okeyo, mtoto mdogo wa Paulina. Vitabu vyetu vya shule vilipitia tukio hilo haraka haraka. Macgoye alilisimulia kupitia mama aliyefiwa, katika kitabu ambacho baadaye watoto wa shule walikisoma.

Wanaoshikilia hoja ya Paulina kuwa taifa wangeanza na shairi maarufu la Macgoye, A Freedom Song, hoja ingewafia mikononi. Humo msichana aitwaye Atieno anaanza kazi katika nyumba ya mjomba wake akiwa na miaka minane. Hapewi mshahara wala hapelekwi shule. Akikaribia miaka 14 anapata mimba, na anakufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua. Msemaji wa shairi ni mjomba huyo huyo, anayejiona mfadhili. Watoto wake wanasoma, na kazi ya Atieno ndiyo inayowawezesha. Uhuru wa kwenye kichwa cha shairi haukufika jikoni. Katika riwaya, miaka mingi baada ya kufika mjini, Paulina naye anakuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa mbunge Nairobi, na kutoka huko ndiko tunakoiona Kenya ya 1975, mwaka aliouawa mwanasiasa J. M. Kariuki.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoiachia Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, mikononi mwa mwandishi Meja Mwangi peke yake. Riwaya yake ya Going Down River Road ya 1976 ni kitabu kikubwa, ila mji wake ni wa wanaume, kwenye mjengo mchana na kwenye baa usiku. Katika The Present Moment, ya mwaka 1987, Macgoye aliwakusanya wanawake wazee saba, Wairimu, Rahel, Sophia wa Mombasa na wenzao, katika makao ya wazee Nairobi, wakakumbushana maisha yao ya tangu ukoloni. Sijui riwaya nyingine ya mji huu iliyowapa vikongwe muda mrefu hivyo wa kusema.

Wanawake aliowaandika bado wapo. Kwa Reuben, kabla jua halijachomoza, wanaruka mitaro, wanapita kando ya viwanda vya Industrial Area kwenda mitaa ya South B na South C. Ni mama fua, wanaofua nguo majumbani mwa watu. Hulipwa kwa siku, na siku asiyeitwa na mtu hana chake. Nyumbani binti mkubwa ameachiwa wadogo zake, na ndoo za kuchota maji kabla hajaenda shule, kama atakwenda. Msichana huyo hahitaji kufafanuliwa Atieno ni nani.

Macgoye alifariki Nairobi tarehe 1 Desemba 2015, akiwa na miaka 87. Mwalimu unayefundisha Mukuru, wasomee wanafunzi A Freedom Song kwanza, ndipo uwape Coming to Birth. Wakishamaliza, waulize ni nani anayefanya kazi zile mtaani kwao, na analipwa kiasi gani.