Pombe ya Ndizi ya Kahura

Wifi yangu alipasuliwa mwaka jana ili mtoto atoke. Siku ya nane mshono ukaanza kutoa usaha. Mama yangu alikaa mlangoni akasema, “Kupasua watu si kazi yetu. Hayo ni mambo ya wazungu, waliyaleta wenyewe.” Nilinyamaza, maana hubishani na mama mbele ya mgonjwa. Sasa mama, niruhusu nikujibu kwenye karatasi.

Hii Kyangwali tunayoishi iko Bunyoro. Na ni Bunyoro hii hii, mahali palipoitwa Kahura, ambapo mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin, kijana aliyesomea udaktari, aliona mwanamke akipasuliwa na mganga wa huku. Felkin hakushika kisu. Alitazama tu, akaandika, na maelezo yake yakachapishwa Edinburgh mwaka 1884.

Mgonjwa alikuwa na miaka kama 20, mimba ya kwanza. Walimnywesha pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Ile pombe, sisi wa Kivu tunaiita kasiksi, Warundi wanaiita urwarwa. Halafu mganga akachukua pombe hiyo hiyo, akanawa mikono, akaosha na tumbo la mgonjwa, kisha akarudia kwa maji. Ndipo akakata. Mishipa iliyotoa damu iliguswa na chuma chekundu cha moto. Mtoto alipotoka, tumbo lilifungwa kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikazungushiwa uzi wa gome la mti. Juu yake wakaweka mizizi iliyotafunwa na jani la mgomba lililopashwa moto.

Hiyo mizizi ya kutafunwa mimi siisifu hata kidogo, mdomo una vijidudu vyake. Pia pombe ya ndizi si kali kama dawa ya spiriti wanayotumia manesi. Na usaha ulitoka kidogo, Felkin mwenyewe kaandika. Homa ilipanda usiku wa pili, ikashuka. Lakini walibadilisha dawa ya kidonda, wakatoa pini kidogo kidogo kuanzia siku ya tatu, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga. Mama mzima, mtoto mzima.

Sasa Ulaya kulikuwaje? Kule Vienna, mwaka 1847, daktari Semmelweis aliwaambia wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, maana walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaingia wodini moja kwa moja. Vifo vikashuka sana. Wakubwa wengi walimdharau hata hivyo. Lister alianza kutangaza dawa yake ya kuua vijidudu kwenye vidonda mwaka 1867, miaka 12 tu kabla ya Felkin kufika Kahura, na bado kulikuwa na madaktari wanaobishana naye. Kumbe wakati wao wanabishana, huku kuna mtu ananawa!

Kwa hiyo mama, kunawa kabla ya kisu si kitu cha kuletewa.

Nilimuuliza wifi jioni moja yaliyotokea kabla ya kwenda. Alikuwa amepewa tarehe. Jirani akamwambia ajinyoe kwa wembe, akajinyoa, akajikata. Bomba lilikuwa kavu siku mbili, akaenda bila kuoga. Hakuna aliyemwambia lolote. Basi wenzangu, na nyie mnaofanya kazi kliniki, jueni hivi: Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2016 kwamba mgonjwa aoge kabla ya upasuaji, hata kwa sabuni ya kawaida, na asinyolewe kwa wembe, kwa sababu zile chembe za kukatika ni mlango. Nywele zikizuia kazi, zinapunguzwa kwa mashine. Antibiotiki nayo inatolewa kabla ya kukata, ndani ya dakika 120, si kusubiri mpaka usaha uonekane.

Karatasi ya tarehe ya upasuaji ingekuja na jeriken moja la maji na kipande cha sabuni, ingekuwa gharama gani?

Wifi alirudi kusafishwa kidonda, wiki tatu. Maji ya kuoga alichotewa na mama, alfajiri, kabla foleni haijawa ndefu. Juzi nilimsomea haya ya Kahura. Akauliza, “Hao wa pombe, walinawa mara ngapi?” Nikasema mara mbili, pombe halafu maji. Akasema, “Eh,” akaendelea kuchambua maharage.