Kadi ya Bandia Iliyookoa Saiba Yetu

Leo tuingie kwenye matumbo ya Linux. Mwaka 2005 nilikuwa nikitunza mitambo ya saiba moja mjini Nakuru. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, kilobiti 128 kwa sekunde, kwa bei ya kutoa machozi (nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009). Mteja mmoja akianza kupakua sinema, wengine wote wanatazama ukurasa mweupe, kisha wanadai pesa zao. Ghorofani palikuwa na chuo cha kompyuta kilichotumia laini hiyohiyo, na kila upande ulilaumu mwenzake.

Seva ilikuwa na kadi tatu: eth0 ya setilaiti, eth1 ya saiba, eth2 ya chuo. Nikakimbilia tc, mfumo wa kudhibiti msongamano ambao kwa sehemu kubwa ni kazi ya Alexey Kuznetsov, uliotoka na kerneli 2.2 mwaka 1999. Kumbe una mipaka miwili. Kwanza, foleni hupangwa kwa pakiti zinazotoka tu. Ni kama manamba: anaweza kupanga abiria wanaoondoka steji, si wale wanaoshuka. Pakiti zinazoingia unaweza kuzitupa zikizidi, basi. Na zimeshavuka setilaiti, umeshazilipia! Pili, kila kadi ina foleni yake. Nikigawa 64 kwa saiba na 64 kwa chuo, wanafunzi wakienda nyumbani ile nusu yao inalala bure.

Wengine walikuwa wameshaumwa na kidonda hiki. Martin Devera, yuleyule wa HTB, alianzisha IMQ, kadi ya bandia ambayo pakiti hupitishwa humo zipangwe foleni kana kwamba zinatoka. Baadaye Patrick McHardy aliiandika upya, kisha Andre Correa akaitunza. Wazo zuri sana, ila lilijichomeka ndani ya Netfilter na halikukubaliwa kamwe kwenye kerneli rasmi. Kila kerneli mpya, kiraka kipya. Nimelala saiba usiku mwingi nikingoja kerneli ijengwe, asubuhi mashine inaganda.

Jamal Hadi Salim alilikabili kwa njia nyingine. Aliandika kitendo cha tc kiitwacho mirred, jina lililounganisha kuakisi na kuelekeza kwingine kwa Kiingereza. Chenyewe hakijui foleni: hupokea pakiti iliyochaguliwa na kichujio, kisha huitupia kadi nyingine, ama yenyewe ama nakala yake. Kisha akaandika kadi ya bandia ndogo, IFB, iliyoingia kerneli rasmi 2.6.16 mwezi Machi 2006. Kiraka kwaheri!

tc filter add dev eth1 parent 1: protocol ip u32 match u32 0 0 action mirred egress redirect dev ifb0

Nikarudia kwa eth2. Mito miwili ikaingia bwawa moja, HTB ikakaa ifb0, chuo kikifunga saiba inakunywa yote. Pakiti ikimaliza foleni hurudi kwenye kadi yake na kuendelea na safari. Ikichelewa, majibu nayo huchelewa, na mtumaji huko Marekani hupunguza mwendo bila kuambiwa.

Mbona sikunasa pakiti pale eth0 zinapoingia? Kwa sababu hapo mirred huziona kabla NAT haijarudisha anwani za ndani. Zote zinaonekana za mtu mmoja. IMQ iliweza kuziona baadaye, ndiyo maana wengi waliing'ang'ania kwa miaka.

Mwenye saiba alipofurahi akauliza lile neno la kuakisi.

"Kwa hivyo unaweza kunitolea nakala ya wanachosoma wateja?"

Ningeweza. Badala ya redirect unaandika mirror, na mteja hahisi lolote. Siku hizo barua pepe nyingi zilisomwa bila kufichwa. Hata Gmail haikuweka HTTPS kwa kila mtu hadi Januari 2010. Nilijua wateja wetu: walioomba kazi, walioandikia waume zao Uarabuni.

"Mzee, diski haitoshi," nikasema.

Ulikuwa uongo. Diski ilikuwa na nafasi tele. Aliuliza tena mara mbili, nikamjibu vilevile, na nilipoondoka 2008 nilifuta mafaili yangu yote ya tc isipokuwa yale yenye redirect.