Malale ya Nyanza na Swali la "Tangu Lini?"

Ugonjwa wa malale husababishwa na trypanosoma, kimelea chenye seli moja kinachoingia mwilini mtu anapoumwa na mbung'o, kikakaa kwanza katika damu na tezi, kisha kikapenya hadi kwenye ubongo na tando zinazoufunika. Katika ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria, utambuzi wake ulitegemea maelezo ya jamaa za mgonjwa kwa kadiri ambayo vitabu vya tiba, vinavyopenda kusifu hadubini, havikiri sana.

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, wakati malale yalikuwa yakiteketeza Busoga, nchini Uganda, na visiwa vya ziwa na kuenea hadi Kavirondo, kama nchi inayozunguka mji huo ilivyoitwa. Aldo Castellani, daktari Mwitaliano aliyeletwa na tume ya Waingereza mwaka 1902, alidhani kwanza kwamba chanzo ni bakteria, mpaka alipoyazungusha kwa mashine maji aliyoyafyonza kwenye uti wa mgongo wa wagonjwa na kuona vimelea vikijipinda katika masimbi yake. Mwaka uliofuata David Bruce akamtaja mbung'o kuwa mwenezaji. Uganda pekee inakadiriwa kupoteza watu zaidi ya 200,000.

Vijijini hapakuwa na hadubini, ila palikuwa na mke au mama aliyeweza kusimulia kwamba mtu huyu huumwa kichwa, hukesha usiku na kusinzia mchana tonge likiwa mkononi, na kwamba upole wake umegeuka ukali. Baganda waliuita ugonjwa huo mongota, yaani kusinzia. Tabibu alipapasa tezi nyuma ya shingo, kisha akauliza: tangu lini? Kwa aina ya gambiense, iliyodhaniwa kuwa ndiyo ya mlipuko ule, jibu lingeweza kuwa miaka.

Jibu hilo lilibadilika Alego, huko Nyanza, ambako mlipuko wa 1964 ulikuwa wa aina ya rhodesiense, inayoweza kufika kwenye ubongo katika majuma machache. R. J. Onyango na wenzake walionyesha mwaka 1966 kwamba ng'ombe wa nyumbani huweza kuhifadhi kimelea hicho, jambo zito kwa jamii ambayo ng'ombe ndiye mahari na akiba.

Muda ambao mtu alikuwa ameugua uliamua hata dawa. Melarsoprol, iliyopatikana 1949 na yenye aseniki, iliweza kuua takriban mgonjwa 1 kati ya 20, kwa hiyo haikutolewa kabla ya maji ya mgongo kuthibitisha kwamba ubongo umekwisha kuingiliwa.

Mwenyeji wa mwisho aliyeambukizwa nchini aliripotiwa 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma Kenya. Mbung'o wangali katika vichaka vya bonde la Lambwe, na vituo 12 vya afya katika kaunti 6 vimeachiwa kazi ya kumchunguza mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria.