Ufa Tuliopaka Rangi

Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Ninaandika juu ya ukuta. Mimi si enjenia wa ujenzi, niko agronome wa lisansi, na nyumbani hawachoki kunikumbusha. Lakini mwaka jana, mwezi wa nane, nilibomoa krepisaji ya sebule ya mama yangu kule Kadutu kwa nyundo, na kilichokuwa nyuma yake kilinirudisha kwenye siku moja ya 2008. Wengi wenu mulikuwa bado wadogo sana. Acheni niwaeleze.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na dakika 34 asubuhi. Nilikuwa na miaka 10 na tulikuwa kanisani. Kwanza nilisikia mlio, kama kamio kubwa iliyopakia mawe inapanda mlima. Nikageuka kutazama barabara. Kisha benchi ikasogea yenyewe chini yangu, vumbi likaanza kushuka toka darini, na mama akanishika kwa kola ya shati: "Inje! Mutoke inje!" Kanisa letu lilibaki limesimama. Tuliporudi nyumbani tulikuta ufa umetoka kwenye kona ya dirisha la sebule, umepanda kwa mshazari kama ngazi, tofali kwa tofali, hadi kwenye mbao za paa. Siku kadhaa tulilala inje chini ya bashe, juu ya ile mitetemo ya baadaye iliyoendelea kutusumbua.

Watafiti walipima lile tetemeko: ukubwa 5.9, kitovu kama kilomita 20 kaskazini mwa Bukavu, na kina cha kama kilomita 10 tu. Baadaye walilinganisha picha za satelaiti za kabla na baada, wakaona jinsi ardhi ilivyoshuka. Katika vitabu vya sayansi linaitwa tetemeko la Bukavu-Cyangugu, kwa sababu halikujali mpaka. Upande wa Rwanda, Rusizi na Nyamasheke, walikufa watu zaidi ya 30, na baadhi yao waliangukiwa na makanisa wakiwa kwenye ibada. Upande wetu waliokufa walikuwa chini ya 10. Majeruhi walikuwa mamia, pande zote mbili.

Sasa munisikilize vizuri. Ukubwa wa 5.9 ni wa wastani tu. Kuna miji duniani inayotikiswa hivyo na watu wanarudi kazini mchana. Kwetu, na kwa jirani zetu, hali ni nyingine. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba, Tanzania, ilipata tetemeko la ukubwa uleule, 5.9, na watu zaidi ya 15 wakafa. Ukilinganisha Bukavu, Rusizi na Bukoba unakuta kitu kimoja kinarudi: kuta za tofali za kuchoma au za udongo, nzito, zisizofungwa pamoja na chochote.

Na kuna hesabu moja ambayo inaninyima usingizi. Ile siku ilikuwa Jumapili. Ingekuwa kesho yake, Jumatatu, saa tatu na dakika 34, kila darasa la Bukavu lingekuwa limejaa. Mimi ningekuwa darasani, mstari wa pili karibu na ukuta. Mwaka 2015, tarehe 7 Agosti, tulitikiswa tena vikali, na watu walikufa hapa mjini. Hiyo ilikuwa usiku, tena katika likizo. Mara hizo mbili tulisamehewa na kalenda.

Watu wengine husema wazee wetu hawakujua kama mji huu uko juu ya hatari. Si kweli. Tuko kwenye tawi la magharibi la bonde la ufa, mahali Afrika inapoachana milimita chache kila mwaka, na Ziwa Kivu lenyewe limelala ndani ya ufa huo. Kule Lwiro, safari fupi tu kutoka hapa mjini, Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti cha IRSAC mwaka 1947, ambacho leo ni CRSN, na tangu miaka ya 1950 mashine zake zilikuwa zinaandika mitetemo ya ardhi yetu. Kwa hiyo maarifa yalikuwapo, kilomita kama 40 tu kutoka mjini, hata kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Lakini hayakushuka hadi kwa masoni wa Nyamugo au Panzi. Hapo ndipo historia yenyewe inaanzia.

Mji huu, walipouita Costermansville, ulipangwa kwa watu wachache. Wazungu walikaa kwenye zile rasi zinazoingia ziwani, Waafrika wakapelekwa Kadutu na Bagira. Majengo ya mviringo munayoyaona kwenye Avenue Patrice Lumumba ni ya wakati huo. Yalijengwa kwa ghorofa chache na kwa nafasi kati ya moja na jingine. Halafu ikaja miaka ya 1990. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda, 1996 vita, 1998 vita nyingine. Watu wa Walungu, Kabare, Kalehe na Shabunda walikimbilia mjini, na parseli moja ikakatwa mara tatu, mara nne, mpaka kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaishuka kwa uangalifu. Leo tunakadiriwa kupita milioni moja. Kila aliyefika alijenga kwa alichokuwa nacho, na katika miaka ile ya vita, simenti na fere a beto vilikuwa vitu vya matajiri.

Hebu nieleze ukuta, kama nilivyoelezwa na rafiki yangu enjenia kwa subira kubwa. Tofali linabeba mzigo unaotoka juu bila shida. Ukilivuta au ukilisukuma kwa ubavu, halina nguvu, na tetemeko linasukuma kwa ubavu. Kila ukuta unacheza peke yake, kona zinaachana, paa linakosa pa kukalia. Dawa yake inajulikana: shenaji, ule mkanda wa beto wenye vyuma ndani unaozunguka kuta zote nne juu ya madirisha. Munajua kitunga cha kuvunia maharagwe. Fito zake nyembamba zinashikwa na ule ukingo wa juu. Ukiukata ukingo, fito zinafunguka. Nyumba bila shenaji ni kitunga bila ukingo, tena kimejazwa mawe.

Hapa kuna jambo linalonichekesha na kunihuzunisha pamoja. Mwaka 2008 jirani yetu, bibi mmoja mjane, alikuwa na nyumba ya plansh, zile mbao ambazo tulikuwa tunawachekea wenye nazo. Ilicheza kama mtumbwi, ikalia, ikatulia. Hata sahani hazikuvunjika zote. Sisi wenye tofali, wenye heshima ya kartie, tulilala inje. Lakini nyumba hizohizo za plansh, zikibanana bila njia katikati, moto mmoja wa brazero au waya mbaya unakula avenue nzima kwa usiku mmoja. Tumeshaona hayo mara nyingi mno hapa Bukavu. Masikini wa mji huu anachagua kati ya tetemeko na moto, na mara nyingi mfuko ndio unaomchagulia.

Basi baada ya 2008 tulifanya nini? Ile asubuhi tetemeko lilitufanyia kazi ambayo ofisi yoyote ingelipwa pesa nyingi kuifanya. Lilichora kwenye kila ukuta dhaifu wa Bukavu alama inayoonekana kwa macho. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha ulisema ukuta umeshindwa kusukumwa kwa ubavu. Ufa wa kusimama kwenye kona ulisema kuta mbili hazikufungwa pamoja. Ufa mpana chini na mwembamba juu ulisema musingi unashuka, uende ukaangalie udongo. Tungepita nyumba kwa nyumba na daftari, tungekuwa na orodha kamili: hii ibomolewe, hii ifungwe mkanda, hii ni krepisaji tu imepasuka.

Tulipaka rangi. Kwenye shule yangu ya msingi ufa uliokuwa karibu na ubao ulijazwa mota, ukapigwa chokaa, tukarudi kukaa chini yake. Sitaitaja shule hiyo, na kusema kweli zilikuwa nyingi za namna hiyo. Nyumbani kwetu ilikuwa vilevile. Mwaka 2015 ufa uleule ulifunguka tena, mahali palepale, na tukapaka tena, safari hii rangi ya krimu.

Munaweza kusema, eh, sisi ni nchi masikini. Haya, tuangalie Nepal, nchi ambayo nayo si tajiri. Kabla ya 2015, katika bonde la Kathmandu, shule nyingi za zamani za tofali zilikuwa zimeimarishwa na masoni wa hapohapo waliofundishwa: mikanda ya beto, wavu wa chuma uliobanwa ukutani na kufunikwa kwa mota, kona zilizoshonwa. Tarehe 25 Aprili 2015 likaja tetemeko la ukubwa wa 7.8. Zile shule zilizoimarishwa zilibaki zimesimama, na baadhi zikapokea watu waliopoteza nyumba. Hawakubomoa mji ili waujenge upya. Walianza na mahali watoto wanakaa.

Na madaraja? Hapa ndipo agronomia yangu inarudi. Daraja mara nyingi linauawa kwa miguu. Maji yanachimba chini ya nguzo kidogo kidogo, hakuna anayeshuka kutazama, kisha mvua moja inakuja na mawe na magogo. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, mito ilishuka na mlima mzima, watu zaidi ya 400 wakafa, na barabara ya Bukavu kwenda Goma ikakatika. Beto ya daraja inaweza kuwa nzuri sana. Lakini kama juu yake vilima vimekatwa miti na mashamba yamelimwa kufuata mteremko, yale maji si yale ambayo mjenzi aliyahesabia. Mimi ningeulizwa namna ya kukagua daraja, ningeanza juu mlimani, nihesabu makorongo, ndipo nishuke chini ya daraja na tochi. Hapa mjini tuna mto Kawa. Nendeni siku moja baada ya mvua mukaangalie plastiki zilizoziba chini ya vivuko vyake.

Nirudi sebuleni kwa mama. Baba mudogo, ambaye ni masoni wa miaka mingi, alitaka tupandishe etaji. Vyumba viwili vya kupangisha, na kwa hiyo pesa tungelipa minervali ya dada yangu mdogo. Mimi nikasema tuangalie kwanza ule ufa. Akacheka.

"Weye ulisomaka mihogo. Ya nyumba utatufundisha nini?"

"Baba mudogo, hata muhogo tunauchimba kwanza ndiyo tunajua kama umeoza."

Mama akasema niachwe nichimbe. Krepisaji ilianguka vipande vipande, ya krimu, halafu nyeupe ya 2008 chini yake, kama tabaka za udongo kwenye shimo la mazoezi. Nyuma yake ufa ulikuwa unaingiza kidole changu mpaka kifundo cha pili. Tukapanda hadi chini ya bati. Tofali zilifika moja kwa moja kwenye mbao. Hapakuwa na shenaji, wala chuma hata kimoja.

Baba mudogo alikaa kimya, kisha akasema: "Masoni wa hii nyumba alitudanganyaka."

Mama akamtazama. "Si ulikuwa weye? Mwaka wa 99."

Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema pole pole: "Mu ile vita, fere ingetoka wapi?" Na kweli, ingetoka wapi.

Etaji hatukuipandisha. Pesa ya etaji tulinunua vyuma, simenti na wavu. Tulifungua bati mwezi huohuo, kabla ya mvua za Septemba, na baba mudogo mwenyewe alimwaga shenaji kuzunguka kuta zote nne, vyuma vinne ndani. Ufa tuliufunga kwa wavu na mota ndani na inje. Chumbani kwa mama kuna ufa mwingine mwembamba kama unywele. Huo tuliuacha wazi, tukabandika juu yake pande dogo la plasta na kuandika tarehe. Maenjenia wanaliita shahidi: likipasuka, ufa bado unatembea. Mama hulitazama kila akifagia. Mpaka juzi lilikuwa zima. Minervali ya dada bado tunadaiwa nusu.